Kosa la Kupasha Kiporo

Sina neno na serikali ya Jamhuri ya Shwari. Naanza kwa kusema hivyo ili yule anayesoma kwa niaba ya serikali apumzike mapema, atuachie sisi wengine tuendelee. Ninayosimulia hapa ni ya kuisifu nchi. Mahali utakapoona sikuisifu vya kutosha, ujue ni uchache wa maneno yangu, si uchache wa mema yake.

Shwari ni nchi yenye amani kupita kiasi. Wageni wakishuka uwanja wa ndege husimama, wakasikiliza, wakauliza, "Mbona kimya hivi? Watu wako wapi?" Hujibiwa kwamba watu wapo, tena wengi, ila wamepoa. Na siri ya kupoa kwetu ni sheria moja tu, mama wa sheria zote, iitwayo Sheria ya Joto la Malalamiko.

Sheria hiyo inasema hivi. Lalamiko likiwa la moto halipokelewi, kwa sababu mlalamikaji bado ana uchungu, na mwenye uchungu hutia chumvi. Aende nyumbani akapoe. Lalamiko likiwa limepoa nalo halipokelewi, kwa sababu lingekuwa la maana lisingepoa. Katikati pana kiasi cha joto kinachofaa, kinaitwa uvuguvugu wa kisheria. Wataalamu wetu wote wanakubaliana kwamba uvuguvugu huo upo, ingawa hajapatikana mtu aliyeuona.

Msije mkadhani sheria hii ni ya kila kitu. Ukiiba mbuzi leo, mjukuu wa mwenye mbuzi anaweza kumshitaki mjukuu wako, na kesi itasikilizwa kwa heshima zote, maana mbuzi ni mali. Ukimtukana waziri ukafa, kaburi lako litapelekewa wito. Sheria ya Joto ilitungwa mahsusi kwa yale wanayofanyiwa watoto na watu wazima, yale ambayo sisi wa Shwari hatuyataji. Tunasema "yale mambo," tunatazama pembeni kidogo, kila mtu ameelewa, na chai inaendelea kunyweka.

* * *

Kazi ya kupima joto la malalamiko ni ya mtu mmoja, Mpima Joto Mkuu wa Taifa, Bwana Kilongora. Zamani serikali iliagiza mashine kutoka ng'ambo. Mashine ikawa kila anayeletwa inasema huyu ni wa moto, huyu naye ni wa moto, hata wazee waliokuja na mambo ya utotoni inasema wa moto. Ikarudishwa ndani ya boksi kwa utovu wa nidhamu. Tangu hapo tukarudi kwenye mila zetu: mlalamikaji anapimwa kama mama anavyompima mtoto homa, kwa nyuma ya kiganja kwenye paji la uso.

Mkono wa kulia wa Bwana Kilongora, kwa hiyo, ni mali ya umma. Hausalimii watu, haushiki sufuria, haugusi ugali wa moto usije ukapoteza vipimo. Na kwa kuwa mtu mwenye adabu hali kwa mkono wa kushoto, mkewe humlisha tonge kwa tonge. Katika dhifa za taifa mama huyo huketi meza kuu akiwa na cheo cha Msaidizi wa Mkono, na ana dereva wake.

Ofisi yake imejengwa vizuri. Ina ukumbi mpana wa kusubiria wenye viti vya kuegemea, na mlango wa kuingilia kwa hakimu ambao bawaba zake ni mpya kabisa, maana haujafunguliwa.

* * *

Sasa nije kwa Siwema.

Siwema ni mwanamke wa makamo anayeuza vitambaa sokoni, mwenye sauti ya kusikika na uso usiopenda mzaha. Wazazi wake walikufa yeye akiwa mdogo, na ndugu wakagawana watoto. Kaka yake, Mabula, alichukuliwa na mjomba kwa kuwa tayari alijua kuchunga ng'ombe. Siwema hakujua kuchunga chochote, akapelekwa Kituo cha Malezi Mema.

Mwenye kituo hicho ni Mlezi Kasembo. Hakuna mtu wa Shwari asiyemjua: Baba wa Wasio na Baba, mzee wa tabasamu, aliyechapwa kwenye stempu akiwa amembeba mtoto. Huko kituoni Mlezi Kasembo alimfanyia Siwema yale mambo. Si mara moja. Naandika hivyo tu, nawe soma hivyo tu, lakini usipite haraka.

Alipokuwa mtoto bado, Siwema alitoroka kituoni akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya Mpima Joto. Alifika analia. Wakampima, wakaona anachoma. Wakamweleza kwa upole kwamba lalamiko lake ni la moto mno, na zaidi ya hapo lalamiko la mtoto lazima litiwe sahihi na mlezi wake. Mlezi wake ni nani? Akasema. Sasa maofisa wetu ni watu wenye huruma. Hawakutaka kumsumbua mtoto kwa safari ya kwenda na kurudi. Wakampigia simu Mlezi Kasembo aje kutia sahihi pale pale.

Alikuja mbio. Aliwashukuru, akawaachia kreti ya soda, akamshika Siwema mkono wakarudi zao. Waliowaona njiani walisema, tazama baba na mwana walivyopendana.

Siwema hakusema tena. Alikua, akatoka kituoni, akafungua duka, akawa mtu wa shughuli zake. Ningeweza kuishia hapo, na hadithi ingekuwa nzuri, kwa maana mtu aliyenyamaza ndiye raia bora. Lakini mwaka huu Nyamizi, binti wa Mabula, mtoto mwerevu wa darasa la nne, alichaguliwa kwenda kulelewa kwenye kituo kile kile.

* * *

Siku hizi si yatima tu wanaochukuliwa. Kila mwaka kituo huchagua watoto wenye vipaji kutoka nyumba za watu, nao wazazi huona fahari kama wameoza binti kwa mfalme. Mabula alichinja. Majirani walikuja. Siwema alimvuta kaka yake uani, kwenye kamba za nguo.

"Kaka, mtoto asiende."

"Asiende kwa nini? Shangazi mtu, unamwonea mtoto wivu?"

"Si wivu."

"Wewe si umelelewa pale pale? Umetoka na upungufu gani?"

Ndipo Siwema akamwambia. Alimwambia amesimama, akiwa ameshika kibanio cha nguo, na alipomaliza kibanio kilikuwa vipande viwili. Mabula akamalizia soda yake.

"Ya zamani hayo," akasema.

"Ya zamani kwako. Umeyasikia leo."

"Na kama ni kweli, mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

"Serikali."

"Basi!" Mabula akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Serikali ilijua ikanyamaza. Kungekuwa na kitu, ingenyamaza?"

Mabula si mtu mbaya, msimchukie. Anampenda binti yake, na ni mwenye kuamini tu, tena sana. Alipoona macho ya dada yake hayabanduki, akatoa ahadi. "Sikiliza. Nenda kapimwe tena. Serikali ikisema lina moto, Nyamizi haendi popote, hata wakija kumchukua kwa ving'ora. Ikisema limepoa, utaniacha na mwanangu. Neno langu hilo."

"Anaondoka lini?"

"Jumatatu."

* * *

Siwema alifika ofisini Ijumaa ofisi ikifunguliwa. Safari hii hakulia; alikuwa amelia njiani akamaliza. Bwana Kilongora alikuwa amekwishavuliwa glavu na mkono umepumzishwa kwenye mto wake.

"Lalamiko la lini, mama?"

"La utotoni."

"Mlalamikaji ni nani?"

"Mimi."

"Hapana, mama. Umesema la utotoni. Aliyetendewa ni mtoto, na mlalamikaji ni yule aliyetendewa. Wewe ni mtu mzima, nakuona. Mtoto mwenyewe umemwacha wapi?"

"Hata mimi namtafuta, mzee," Siwema akasema.

Bwana Kilongora hakuipenda sauti hiyo, lakini kazi ni kazi. Akainuka, akanyoosha mkono wa taifa kuelekea kwenye paji la uso wa Siwema.

"Usiniguse."

Ofisi nzima iliganda. Karani aliacha kupiga chapa. Mkono ulibaki hewani, na ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi mtu kuukataa. Siwema mwenyewe alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, anahema, na haikuwa kwa makusudi. Mwili ulikwenda wenyewe. Lolote lililokuwa la moto lilikuwa pale ukutani, mtu yeyote mwenye macho angeliona. Lakini sheria haisemi kuona, inasema kugusa.

Bwana Kilongora akapima kwa mbali, kama mtu anayeota moto.

"Limepoa," akatangaza.

"Umejuaje, na hukunigusa?"

"Lingekuwa la moto ungelia. Hulii."

"Nilipokuja nikilia, mlinirudisha kwa kuwa nalia."

"Huo ndio uzuri wa sheria yetu, mama. Haina upendeleo." Akaketi, akaurudisha mkono kwenye mto. "Nikushauri kama mzazi. Yaliyopita si ndwele."

"Malizia."

"Nimalizie nini?"

"Methali yenyewe. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi nimekuja kwa ajili ya yajayo. Mtoto wa kaka yangu anapelekwa kwa mtu huyo Jumatatu. Yangu mimi tupa huko, yachome, yafukie. Yeye mzuieni asiende."

Bwana Kilongora alishauriana na wenzake. Waliingia chumba cha ndani, vikombe vikagongana, wakatoka. Majibu yalikuwa ya kitaalamu: nusu ya pili ya methali iko chini ya wizara nyingine, ambayo bado haijaundwa.

"Lakini tusiseme hatukukusaidia," akasema. "Huyo mtoto wa kaka yako, ametendewa jambo lolote?"

"Bado."

"Basi joto hamna kabisa. Tutapimaje jambo ambalo halijapata hata moto? Likishatokea, mje."

Siwema akageuka kuondoka.

"Ila msije upesi," Bwana Kilongora akaongeza, kwa wema.

* * *

Nchi yetu haipendi mtu asingiziwe. Kwa hiyo lalamiko linapopatikana limepoa, aliyelalamikiwa hupewa Hati ya Ubaridi, yenye nembo ya taifa na fremu ya dhahabu ya kupaka. Kwa kuwa mpewaji alikuwa Mlezi Kasembo, hati ilitolewa kesho yake uwanjani, mbele ya bendi ya jeshi na watoto wa kituo waliovalishwa meupe, na Mheshimiwa Ngwembe, Waziri wa Amani, Baridi na Michezo, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Nimesimama mbele yenu nikiwa nimesimama! Taifa ni sufuria, na wananchi ndio mchuzi. Mchuzi ukichemka sana unafanyaje? Unamwagika! Wapo watu wanataka eti kila aliyeumizwa utotoni aruhusiwe kuja kusema, wakati wowote, umri wowote. Nikawauliza wataalamu wangu: je, tukiruhusu, itakuwaje? Wakapiga hesabu, wakarudi kwangu jasho linawatoka. Wakasema, Mheshimiwa, wote wakija kusema, wa kuwasikiliza hawatatosha!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga makofi wakitazama chini.

"Mzee wetu Kasembo amelea watoto wengi kuliko mawaziri wote tukijumlishwa, na mimi mwenyewe ninao wa kutosha. Katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyelalamika kwa joto linalotakiwa!"

Mlezi Kasembo akapokea hati, akafuta machozi kwa leso, akasema yeye amesamehe.

Nyumbani kwa Mabula walitazama kwenye televisheni. Siwema alikuwepo, amekuja kuomba mara ya mwisho, lakini Mabula alikuwa amekwishapanga masanduku.

"Dada, nchi hii ina watu mamilioni. Mwenye karatasi ya serikali kwamba hana neno ni mmoja tu, yule pale. Wewe unayo? Mimi baba yake ninayo? Kwa kweli hata hapa kwangu mtoto hayuko salama kama atakavyokuwa kwa yule mzee."

Yunisi, mke wa Mabula, alikuwa amekaa kwenye mkeka anamsuka Nyamizi nywele za safari. Mikono yake ilisimama. Akamtazama wifi yake, akamtazama mumewe, halafu mikono ikaendelea kusuka.

Jumatatu Nyamizi akapelekwa.

* * *

Siwema hakurudi dukani. Alikwenda kusimama kwenye geti la kituo, na kila mzazi aliyeleta mtoto alimtajia Mlezi Kasembo kwa jina, kwa sauti, bila kusema "yale mambo." Aliyataja mambo yenyewe. Akina mama wawili walisimama wakasikiliza. Mmoja wao alianza kutetemeka, na haikuwa kwa ajili ya mtoto aliyemleta. Alikuwa amelelewa hapo na yeye.

Polisi wa Shwari, ambao huwa hawana gari, siku hiyo walikuja na magari matatu.

Siwema alishitakiwa kwa kosa la kupasha kiporo. Ni kosa kubwa kwetu. Mwendesha mashitaka alieleza kwamba kiporo ni chakula cha jana, na mwenye kukipasha na kuwagawia watu huharibu tumbo la taifa. Alikamatwa asubuhi, jioni alikuwa kizimbani. Mwendo huo niliufurahia hasa, maana wapo wanaosema mahakama zetu ni za polepole.

"Una la kusema?" jaji akauliza.

"Ninalo swali, mheshimiwa. Nilipoletwa na miguu yangu nikiwa mtoto, nilirudishwa kwa kuwa jambo ni la moto. Hili la leo limetokea asubuhi, hata chai yangu haijapoa. Mbona mnalisikiliza?"

Jaji alitabasamu, kwa kuwa alikuwa msomi na alipenda maswali. "Kumsumbua mtoto hupimwa joto. Kumsumbua mtu mzima mwenye hati husikilizwa kukiwa na joto lolote, na hakuna ukomo. Ungemkashifu Mlezi Kasembo tangu enzi za mababu, leo ningekufunga."

Akamfunga.

Askari walipomshika, Siwema hakumtazama jaji wala hakumtazama Mlezi Kasembo aliyekaa viti vya mbele na fremu yake mapajani. Aligeukia nyuma, kwenye mabenchi, akapaza ile sauti yake ya sokoni.

"Wifi! Wifi Yunisi! Kamchukue mtoto! Leo hii, wifi, usingoje kesho!"

Yunisi akasimama. Mabula akamshika kitenge. "Kaa chini, unatuaibisha." Watu wote wakageuka kumtazama mwanamke aliyesimama mahakamani bila ruhusa. Ilikuwa kimya sana, kimya kile kile wageni wanachokisifu uwanja wa ndege.

Yunisi akakaa.

* * *

Gereza la wanawake lina siku ya kutembelewa. Mfungwa husimama upande huu wa waya, mgeni upande ule, na askari jela huzunguka katikati akisikiliza kama kuna kiporo. Yunisi alikuja baada ya likizo ya kwanza ya kituo. Hakubeba kitu. Alisimama, akashika waya kwa vidole vyote.

"Wifi, nimemchukua," akasema. "Sikumwambia kaka yako. Nimemchukua tu."

"Lini?"

"Alipokuja likizo. Siku ya kurudi nikafunga mlango, nikamwambia hatoki mtu."

Siwema hakuuliza lililofuata. Alimtazama wifi yake usoni, akaliona jibu limekaa hapo.

"Nimechelewa, wifi," Yunisi akasema. "Nilisimama siku ile. Nilisimama kabisa. Kwa nini nilikaa?"

Siwema akaweka vidole vyake juu ya vidole vya Yunisi, pale pale kwenye waya. Walikaa hivyo, wanawake wawili wazima, wakilia bila kujali nani anasikia. Askari jela naye hakuwakemea. Aligeuka akatazama ukuta muda mrefu, na mimi sitasema jina lake, maana angefukuzwa kazi.

"Mabula anasemaje?"

"Hasemi. Anakaa uani. Juzi nimemkuta ameishusha picha ya yule mzee ukutani, ameishika, hajui aitupe wapi."

"Umempeleka mtoto kwa Kilongora?"

"Nilimpeleka. Alimshika kichwa tu akauvuta mkono, akasema huyu anaunguza. Akasema sheria hairuhusu, nimpeleke nyumbani apoe kwanza, nimpe maji mengi, nisimkumbushe. Kisha nirudi naye." Yunisi akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Halali, wifi. Akisikia mlango anaingia chini ya kitanda. Nimekaa naye chini ya kitanda huko huko. Sijui nimwambie nini. Wewe unajua. Niambie."

"Mwambie unamwamini. Mwambie kila siku, hata asipouliza."

"Halafu?"

"Halafu usimguse mpaka yeye akushike."

Kengele ya kumaliza muda ikalia. Yunisi hakuachia waya.

"Na kupoa, wifi? Wamesema atapoa. Inachukua muda gani? Niambie tu nijue, nijipange. Mwaka? Miaka?"

Askari jela alikuwa amekwishamshika bega, taratibu, kumrudisha ndani.

"Sijui, wifi," Siwema akasema. "Mimi bado."